Barua ya wazi kwa Meya wa New York, kutoka kwa mama wa Bronx

Mheshimiwa Meya Zohran Mamdani,

Kwa umri wewe ni mwanangu, lakini ofisi ni ofisi, kwa hiyo nitakuita Mheshimiwa. Mimi ni mama wa Mombasa, mwaka wa 19 sasa niko Bronx, kazi yangu kutunza wazee majumbani mwao.

Nikwambie ukweli. Juni 2025, kwenye kura ya mchujo ya chama cha Democratic, sikukupa kura yangu. Bronx ilimwendea mpinzani wako Andrew Cuomo, gavana wa zamani. Wewe hatukukujua, na wazee waliotuahidi kabla yako tuliwajua mno. Novemba 4 tukakupa.

Usiku huo simu yangu haikulala. Waganda wanakudai kwa kuwa umezaliwa Kampala, Wahindi wanakudai, Waislamu wanakudai, na Mghana tunayefanya naye kazi kagundua jina lako la kati ni Kwame, basi naye ana hisa. Shemeji yangu aliyeko Kampala akapiga akicheka: "1972 tulimfukuza baba, leo mtoto ni meya wa New York!" Kisha akanyamaza, maana Idi Amin kuwafukuza Waasia si jambo la kucheka sana.

Mimi aliyenigeuza ni jirani wa ghorofa ya chini, Mbangladeshi, dereva wa teksi. Mwaka 2021 ulifunga kula pamoja na madereva siku 15, mpaka wakapata nafuu ya madeni ya leseni zao. Jirani yangu hakunihubiria siasa. Alisimama kwenye ngazi, mfuko wa vitunguu mkononi, akanitajia alichokuwa akilipa kwa mwezi na anacholipa sasa.

Wapinzani wako wanakuita mjamaa kama tusi. Sisi tuliokulia jirani na Tanzania ya Mwalimu neno hilo halitutishi. Ila hayo maduka ya chakula ya jiji uliyoahidi, nisamehe, mimi niliwahi kwenda Tanga miaka ya themanini nikaona duka la serikali lina kiberiti na dawa ya mbu tu. Anza na moja, tulione.

Kodi ya nyumba ni jambo jingine. Bodi ile ya jiji ya watu 9, inayopanga kodi ipande kiasi gani, iliruhusu nyongeza ya asilimia 3 kwa mikataba ya mwaka mmoja kuanzia Oktoba 2025. Nyumba karibu milioni moja zinaguswa, na yangu imo. Kuwateua wajumbe ni kazi yako, na hapo sitakubali kusikia kwamba Albany, yaani serikali ya jimbo, imekataa.

Basi za bure ulizoahidi, najua Albany ina neno, kwa sababu MTA, shirika la mabasi na treni, ni ya jimbo. Lakini ulipokuwa mbunge wa jimbo uliwabana mpaka basi letu la Bx18 likawa bure karibu mwaka mzima, kuanzia Septemba 2023. Nilikuwa nikilipanda. Kitu nilichokipenda kuliko hata nauli ni mlango: hakuna aliyesimama pale akipekua mkoba huku dereva akimkazia macho. Sasa nauli ni dola 3.

Usiku wa ushindi uliwataja Wayemeni wenye maduka, Wasenegali wa teksi, wauguzi wa Uzbekistan. Kutajwa kunapendeza. Lakini ngoja nikupeleke dirishani, pale ofisi za jiji zinapotuhudumia.

Sheria ya jiji ya 2017 inataka nyaraka muhimu zitafsiriwe katika lugha 10. Kiswahili hakimo, kwetu sisi ni mkalimani wa simu. Mwezi uliopita nilimsindikiza mama mmoja wa Bukavu kwenye ofisi fulani. Karani akaweka simu mezani, tukasikiliza muziki dakika arobaini. Sauti ikaja, ya kiume, ya upole sana, ikitusalimu kwa Kisomali. Yule mama akaniangalia. Nikawa mkalimani mimi, na Kiswahili chake cha Kongo na changu cha Mvita vikapishana kwenye neno moja la fomu, tukajaza kisanduku kisicho chake. Fomu ikarudishwa.

Siombi Kiswahili kiwe lugha ya 11, najua tuko wachache. Naomba orodha ya wakalimani watu wazima, wanaojulikana, wanaolipwa, waje pale dirishani kwa miadi. Hilo halihitaji Albany.

Jumatatu saa tatu asubuhi mama wa Bukavu anarudi kule. Nimeshaomba ruhusa kazini, ya bila malipo.

Wako,
Mama wa Bronx