Mgombea akipiga hodi, mfungulieni

Mhariri,

Miaka minne iliyopita, majira ya joto kama haya, mtu alipiga hodi nyumbani kwetu Lewiston, ghorofa ya tatu. Mwanangu wa pili alikuwa karibu na mlango. Nikamkonyeza asifungue. Tulipunguza sauti ya televisheni, nikazima jiko lenye sombe, nikasimama nyuma ya mlango nikimsikia huyo mtu akihema, maana ngazi zetu za mbao ni ndefu. Akabisha tena. Kisha karatasi ikapenyezwa chini ya mlango, na hatua zikashuka.

Sikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimekwisha kula kiapo cha uraia. Lakini mimi nilizaliwa Uvira, Kongo, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania, na huko mgeni mwenye makaratasi anayekufuata hadi mlangoni mara chache huwa ameleta heri. Nilipookota kile kikaratasi nikakuta picha ya mtu anayegombea kiti cha Baraza la Wawakilishi la jimbo letu la Maine. Alikuwa amepanda ghorofa tatu kuniomba kura yangu, nami nikamnyamazia kana kwamba amekuja kunikamata.

Naandika kwa sababu mwaka huu naona jambo lile lile kwa majirani zangu. Kura za mchujo zilikuwa Juni 9, na uchaguzi wenyewe ni Jumanne, Novemba 3. Viti vyote vya bunge la jimbo vinagombewa, 151 vya Wawakilishi na 35 vya Seneti, kama inavyokuwa kila baada ya miaka miwili. Wagombea wanapita nyumba kwa nyumba. Katika jengo letu nimeona wanavyopita: huyu anafungua, yule anazima taa.

Wengi wetu hatujui hesabu ilivyo. Maine nzima ina watu milioni 1.4 hivi. Ukigawanya kwa viti 151, kila mwakilishi anabeba watu kama 9,000. Sisi tuliotoka Nyarugusu tumeishi kwenye kambi moja yenye watu zaidi ya 100,000, kwa hiyo mtu asituambie kwamba 9,000 ni umati usiohesabika. Viti vingine vimehesabiwa upya kwa sababu tofauti ilikuwa kura chache tu, kura ambazo zingeweza kutoka katika majengo mawili ya hapa karibu na Kennedy Park. Na wengi wa hao wanaokaa Augusta, mji mkuu wa jimbo, si mabwana wakubwa. Ni walimu, wakulima, wenye maduka, wastaafu. Wanakutana hasa kuanzia Januari, mwaka mmoja hadi Juni, mwaka unaofuata hadi Aprili, halafu wanarudi kwenye shughuli zao.

Kwenye makundi yetu ya WhatsApp tunakesha tukijadili Rais wa Marekani, na Goma, na Kinshasa. Siwalaumu ndugu zangu, hata mimi moyo wangu uko Uvira, mama yangu amezikwa kule. Lakini sheria za kodi ya nyumba ninayolipa tarehe moja, na mwenye nyumba akitaka kunitoa anifuate kwa sheria gani, hayo yanaamuliwa Augusta, mwendo wa dakika arobaini kwa gari kutoka hapa.

Kumbukeni mwaka 2019, ndugu zetu kutoka Kongo na Angola walipokuwa wamelala kwenye vitanda vya kukunja ndani ya ukumbi wa michezo wa Portland Expo. Sheria ya serikali kuu inamkataza aliyeomba hifadhi kufanya kazi kwa karibu miezi sita baada ya kuwasilisha maombi yake. Basi atakula nini? Bunge la Maine lilipitisha sheria mwaka 2015 kwamba waomba hifadhi waweze kupata ule msaada wa nyumba na chakula tunaouita GA (General Assistance), kwa muda usiozidi miezi 24. Waliopiga kura ile walikuwa watu wa aina hii hii wanaobisha milangoni. Wengine walipinga, na tangu hapo haupiti muda mrefu bila mtu kujaribu kuupunguza.

Au tazameni hili la kujiandikisha siku ya kupiga kura. Maine imeruhusu hivyo tangu 1973. Mwaka 2011 bunge la jimbo likaifuta haki hiyo. Wananchi wakakusanya saini, na Novemba mwaka huo huo wakairudisha kwa kura. Mtu aliyehama nyumba mara tatu kwa mwaka, kama wengi wetu tulivyohama tulipofika, anajua thamani yake. Hapa Lewiston pia hatujasahau usiku wa Oktoba 25, 2023, watu 18 walipouawa kwa bunduki. Ni bunge hilo hilo lililopitisha, mwaka uliofuata, sheria ya kusubiri saa 72 kabla ya mtu kukabidhiwa silaha aliyoinunua.

Watu hunijibu, "Sisi wageni nani atatusikiliza?" Mwaka 2022 Mana Abdi alichaguliwa kutoka hapa hapa Lewiston, na Deqa Dhalac kutoka South Portland, Wasomali wa kwanza kuingia katika bunge la Maine. Walibisha milango, na milango ikafunguliwa.

Kuna sababu nyingine ya kutofungua siku hizi, naijua, na siidharau. Watu wanaogopa maafisa wa uhamiaji. Basi uliza kwanza ukiwa ndani: wewe nani, unatafuta nini? Mgombea atataja jina lake na kuonyesha kipeperushi dirishani. Si lazima umkaribishe sebuleni. Zungumzeni hapo hapo kwenye ngazi.

Na wale ambao bado si raia, tafadhali sana: msijiandikishe, wala msipige kura, hata mtu akikuwekea fomu mkononi huku anatabasamu. Kadi ya kijani si kibali cha kupiga kura, na kosa hilo linaweza kukufukuzisha nchini. Lakini kusema hukukatazwa. Miswada hapa husikilizwa hadharani, na mtu yeyote, raia au si raia, anaweza kwenda mbele ya kamati au kuzungumza kwa Zoom. Jirani yangu mmoja anayesubiri kesi yake ya hifadhi aliandika maneno yake kwa Kiswahili, binti yake akayatafsiri, akayasoma mwenyewe kwa dakika tatu alizopewa. Karatasi ilikuwa ikitetemeka mkononi, lakini aliimaliza yote.

Mwaka 2024 mtu alipobisha tena, nilifungua. Nikamwuliza jambo moja tu. Dada yangu alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na moja, amezalisha watoto asiojua idadi yao, na hapa anafanya kazi ya kuwaogesha wazee kwa sababu cheti chake hakitambuliwi. Utafanya nini? Yule mgombea akasema hajui. Akatoa kijitabu, akaandika jina la kazi, akaniuliza namba ya simu. Siku tisa baadaye alinipigia akanieleza ofisi ya kuanzia na karatasi zinazotakiwa. Dada yangu bado hajamaliza safari hiyo, lakini ameianza.

Wagombea nao nina neno kwao. Mnakuja kwenye sherehe zetu, mnavaa kitenge, mnapiga picha na watoto, kisha hatuwaoni tena. Na mnapotembea na ile orodha ya waliojiandikisha, mlango usio kwenye orodha mnauruka. Bisheni na huo pia. Ndani yake kuna mtoto anayesoma shule mnayoipangia fedha. Leteni kipeperushi cha Kiswahili, hata cha ukurasa mmoja. Tutakisoma.

Kwa raia wenzangu ambao hawajajiandikisha, Novemba 3 mnaweza kufanya hivyo pale pale kituoni, mkiwa na kitambulisho na uthibitisho wa mahali mnapoishi. Mimi nimeomba zamu ya usiku ili asubuhi hiyo niwe huru. Nitawapeleka kina mama watatu wa jengo letu. Gari ina nafasi moja bado.

Msomaji wenu,
Lewiston, Maine