Kikombe cha mjomba wako

Mwanangu,

Juzi usiku nilitoka kunywa maji, nikakukuta umesimama mbele ya kioo, mdomo wazi, unamulika ulimi kwa tochi ya simu. Ukasema unaangalia jino. Jana ndipo ukanieleza yote, kwamba unaogopa umepata Ukimwi. Ahsante, baba, si kila kijana anaweza kumwambia mama yake jambo kama lile. Mimi nilishindwa kukujibu, ndiyo maana naandika.

Umesema mlibusiana, mkalala pamoja mara moja tu, kondomu ikavaliwa tangu mwanzo na haikupasuka. Miezi minne imepita. Umepima wiki ya sita, ukapima tena baada ya miezi mitatu, zote huna virusi. Basi huna, mwanangu. Mate hayaambukizi Ukimwi. Hata kama ingepasuka, kuna dawa za kinga ambazo mtu huziwahi ndani ya saa 72 na kuzimeza siku 28. Na hivyo vipele vya shingoni nimeviona, ninavyo na mimi, joto hili la Dar halimwachi mtu.

Lakini najua hofu hiyo umeitoa wapi. Umeitoa kwangu.

Mwaka 1995 mjomba wako aliletwa hapa Temeke amekwisha, mifupa mitupu. Nilimuuguza, nilimfulia, lakini nilimtengea kikombe. Cha bati, cha buluu, kimebanduka rangi mdomoni. Kilikaa peke yake juu ya kabati. Dawa za kufubaza virusi zilikuja kutolewa bure mwaka 2004, yeye tulishamzika. Alikuwa akikitazama kile kikombe, kisha ananitazama mimi, hasemi kitu. Na nyie mlipozaliwa niliwachapa mikono mkikigusa. Kikombe! Kitu kisichoweza kumwambukiza mtu yeyote. Umekua ukiona mama yako anaogopa bati, leo nikushangae unaogopa ulimi wako?

Kilichobaki ni kaswende, hujaipima, na hiyo kondomu huipunguza tu, haiizuii yote. Ni damu kidogo, na ikionekana ni sindano, inapona. Tuulizie na chanjo ya homa ya ini. Jumamosi twende wote, nitakaa kwenye benchi nje. Ila cha Ukimwi usipime tena mara ya tatu kwa jambo lile lile.

Kile kikombe nilikishusha jana ulipolala. Nimekisugua kwa majivu, na chai ya leo asubuhi nimeinywea humo.

Mama yako