Krapao haitaki moto mdogo

Mhariri,

Naomba nafasi. Wanaofanya kazi kwa intaneti wakiwa Thailand huzoea kula pad krapao, yaani nyama iliyokaangwa kwa majani ya mrihani, lakini wakiipika wenyewe hutoka majimaji. Kosa ni moto mdogo; weka mkali. Ponda kitunguu saumu punje 4 na pilipili kali 3, kaanga sekunde 20, tia nyama ya kusaga gramu 150. Usijaze karai, nyama itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Ongeza nam pla, yaani maji ya samaki waliochachushwa kwa chumvi, kijiko 1 cha chai, na sukari nusu kijiko. Zima moto ndipo utie konzi ya majani ya krapao, mrihani wenye ukali kama wa karafuu. Yakikaa sana motoni, harufu inapungua!

Msomaji, Tanga