Wanaouguza kwa mshahara wafundishwe kwa simu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee kina dada na kina mama wanaolipwa kuwauguza majumbani wagonjwa ambao hospitali imewaruhusu kwa kuwa hawana tena tiba ya kuwaponya. Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Masasi, na majirani huniita mara kwa mara kuwaangalia wagonjwa wa namna hiyo. Aghalabu watoto wa mgonjwa wako Dar es Salaam na hutuma fedha kila mwezi, huku binti aliyeajiriwa kupika na kufua akigeuka kuwa muuguzi bila kufundishwa hata siku moja.

Katika kijiji kimoja upande wa Newala nilimkuta binti akimlazimisha uji bibi mwenye saratani ambaye hakuweza tena kumeza. Hakuwa mkatili, aliogopa kwamba jioni familia ikipiga simu na kusikia bibi hajala, ataambiwa amemuua kwa njaa. Hakuna aliyemweleza kwamba mwili unapokaribia mwisho huacha wenyewe kutaka chakula, kwamba kumlisha kwa nguvu kunaweza kumpalia, na kwamba kumlowesha midomo kwa kitambaa safi chenye maji kungemfaa zaidi. Kiunoni palikuwa pameshachimbika kidonda cha kulalia, maana hakujua kuwa mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa takriban kila baada ya saa 2.

Mambo hayo yanafundishika, na simu anayo. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi ziimarishe tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, hadi ngazi ya jamii na nyumbani, pamoja na kuwafundisha wanaowatunza wagonjwa. Lakini binti huyu hawezi kumwacha mgonjwa peke yake wiki nzima akahudhurie semina mjini. Napendekeza masomo mafupi ya sauti, ya dakika 5 hivi, kwa Kiswahili na pia kwa Kimakonde, Kiyao na Kimwera, yanayosikilizwa kwa kupiga namba isiyotozwa, ili mwenye kitochi asiachwe nyuma. Video ni nzuri, ila hula bando, na viko vijiji ambavyo mtandao hupatikana chini ya mwembe mmoja tu.

Somo la kwanza liwe la maumivu. Mgonjwa aliyeandikiwa mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, hupewa kwa saa zilizopangwa, kama daktari alivyoelekeza, bila kusubiri mpaka alie. Wengi huificha dawa hiyo kabatini wakidhani inaharakisha kifo. Kisha lije la dalili za saa za mwisho, yaani pumzi inayokatika na kurudi, mkoromo wa kooni na miguu kupoa, ili anayeuguza awaite ndugu, shehe au padri mapema badala ya kukimbilia bodaboda usiku.

Simu haiwezi kumwonyesha mtu jinsi ya kumgeuza mgonjwa kwa shuka bila kumchubua. Kazi hiyo ni ya muuguzi wa zahanati, ambaye afike angalau mara moja, aache na namba yake.

Waganga wakuu wa mikoa ya Mtwara na Lindi wakiafiki, mimi niko tayari kurekodi masomo hayo kwa Kiswahili na Kimakonde bila malipo.

Muuguzi mstaafu,
Masasi, Mtwara