Barua ya wazi kwa vijana wa Nairobi: maharagwe yasiyoiva

Wanangu mnaoanza maisha Pipeline, Kayole, Githurai na Kangemi,

Salamu kwenu nyote. Najua mnafika nyumbani usiku mmechoka, na kibanda cha chapati maharagwe kiko pale pale kwenye kona. Siwakatazi kula huko. Ninachowasihi ni mjue kuyapika wenyewe, maana nusu kilo ya maharagwe makavu inalisha watu wanne mara mbili, ilhali asiyejua kuyapika humaliza mtungi wa gesi na bado akala magumu.

Kwanza uelewe mji unaoishi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huku juu maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, wakati Mombasa hufika 100. Ukiongeza moto, joto la maji halipandi, yanakauka tu upesi. Ndiyo maana mtu wa Pwani akipika huku hudhani ameuziwa maharagwe mabovu. Hapa yanataka muda, na muda huo hupunguzwa kwa kuloweka.

Lakini mabovu nayo yapo. Kabla ya kupimiwa, shika punje mkononi. Maharagwe ya msimu huu yana ngozi laini inayong'aa. Yaliyokaa ghalani muda mrefu yamefifia rangi na kukunjamana, na hayo hata uyachemshe nusu siku yatabaki na kiini kigumu. Usiyachanganye na mapya: mapya yatapondeka kabla ya yale ya zamani kuiva.

Chambua mawe, osha, kisha loweka kwa vipimo hivi: kikombe kimoja cha maharagwe, vikombe vitatu vya maji, kwa muda wa saa nane au zaidi. Anayetoka kazini jioni aloweke asubuhi kabla ya kutoka. Maji ya kulowekea mwaga, maana yamebeba sehemu ya kile kinachojaza tumbo gesi. Umesahau kuloweka? Chemsha dakika tatu, zima moto, funika kwa saa nzima, mwaga maji, uanze upya na maji safi.

Sasa yachemshe kwa nguvu bila kupunguza moto kwa dakika 15 za mwanzo. Hili nalisisitiza kwa maharagwe mekundu hasa. Yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko wa kweli tu. Yakipashwa moto wa chini tangu mwanzo, yanaweza kukutapisha na kukuharisha saa chache baada ya kula. Anayetumia kapu la kuhifadhi joto achemshe nusu saa nzima kwanza, ndipo aifunike sufuria kapuni. Baada ya mchemko huo punguza moto, weka kifuniko, na uyape saa moja na nusu hadi mbili. Maji yakipungua ongeza ya moto, kamwe si ya baridi.

Mwenye presha kuka ataokoa gesi nyingi, kwa sababu ndani yake joto hupita nyuzi 110 hata huku kwetu. Usiijaze kupita nusu. Maharagwe hutoa povu, na povu likipanda huziba tundu la mvuke. Kijiko kimoja cha mafuta hulituliza. Hesabu dakika 25 tangu ianze kupiga filimbi, kisha zima na uiache ipoe yenyewe.

Wengi huambiwa chumvi ndiyo inayoyakazia. Chumvi inasingiziwa, mkosaji ni nyanya. Asidi yake huzuia ngozi kulainika, kwa hiyo ukitia nyanya kabla maharagwe hayajaiva, utakesha jikoni. Na magadi? Hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini B1 na huacha ladha ya sabuni. Mwenye kuloweka vizuri hayahitaji.

Hapa kwenye kuunga ndipo wengi wenu mnapoharakisha. Kwa nusu ya sufuria ile, katakata kitunguu kimoja kikubwa vipande vidogo, ukikaange kwa vijiko vitatu vya mafuta kwenye moto wa wastani dakika saba au nane. Kinatakiwa kilainike kabisa na kingo zianze kuwa hudhurungi. Kikiwa bado cheupe, mchuzi utakuwa na ukali wa kitunguu kibichi. Tia kitunguu saumu, koroga mara mbili tatu, halafu nyanya mbili zilizoiva zilizokatwakatwa na chumvi kidogo. Zikoroge mpaka zipondeke na mafuta yaanze kujitenga pembeni mwa sufuria. Alama ndiyo hiyo, usitazame saa. Ndipo utie maharagwe pamoja na maji yake ya kuchemshia, ambayo ndiyo yenye ladha. Ponda upawa mmoja wa maharagwe kwenye ukuta wa sufuria kwa mgongo wa mwiko: mchuzi utakuwa mzito bila unga wowote. Acha utokote taratibu dakika 15, dhania mwishoni.

Kwa githeri ya mahindi makavu, yaanzishe mahindi saa nzima kabla ya maharagwe. Mahindi mabichi ni kinyume: yangoje maharagwe yaive nusu.

Nusu iliyobaki usiiunge, iweke pamoja na maji yake. Igawe kwenye vyombo vifupi ipoe haraka, na isikae nje zaidi ya saa mbili. Kwenye friji itakaa siku tatu. Asiye na friji apike kiasi cha mlo mmoja tu, maana kilicholala nje usiku kucha si salama hata kikichemshwa tena asubuhi. Ukiona povu jipya au ukisikia harufu ya uchachu, mwaga.

Ni mimi mama yenu,
Nairobi