Risala ya kikundi cha vijana watengeneza filamu kwa Mgeni Rasmi, siku ya kufunga Jumamosi 12 za filamu za Ugiriki na Kupro

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Walezi wa kikundi chetu,
Wazazi na majirani mliohudhuria,
Wanakikundi wenzangu,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwanza tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha jioni hii tukiwa wazima. Pili tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua una shughuli nyingi, na barua yetu ilikufikia ikiwa imechelewa.

Kikundi chetu kina wanachama 23. Tuna kamera mbili, kompyuta moja ya kuhariria na projekta ya kuazima. Kwa miezi mitatu tumekuwa tukikutana kila Jumamosi baada ya magharibi kuangalia filamu za waongozaji wa Ugiriki na Kupro wa kizazi hiki, kisha tunakaa mpaka usiku tukizijadili. Watu wametuuliza kwa nini tumewachagua Wagiriki. Hapa Tanga Mgiriki si jina geni, maana wazee wetu wengi walikata mkonge katika mashamba yaliyomilikiwa na Wagiriki. Lakini sababu yetu ilikuwa nyingine. Mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu: Kigiriki kinazungumzwa na watu wapatao milioni 13 tu duniani, Kiswahili kinawazidi kwa mbali sana, sasa hawa wenzetu wamewezaje kufika walikofika? Ndipo tukaamua tusisome tuzo zao peke yake. Tusome walianzaje, na nani alimshika nani mkono.

Ndugu Mgeni Rasmi, tulianza na Yorgos Lanthimos, aliyezaliwa Athens mwaka 1973. Leo dunia inamjua kwa The Favourite ya 2018, iliyompa Olivia Colman tuzo ya Oscar, na kwa Poor Things, iliyoshinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, Italia, mwaka 2023 kisha ikampa Emma Stone Oscar yake ya pili. Sisi tulitaka kujua ya nyuma. Alisoma katika shule ya filamu ya Stavrakos, hapo hapo Athens. Akapiga matangazo ya biashara na video za muziki kwa miaka, kazi zile zile ambazo vijana wetu wanazifanya mjini ili wapate nauli. Mwaka 2004 alikuwa katika timu ya wabunifu wa sherehe za kufungua na kufunga Michezo ya Olimpiki ya Athens. Mwaka uliofuata akatoa Kinetta, filamu iliyoangaliwa na watu wachache mno.

Kisha ikaja Kynodontas, mwaka 2009. Maana ya neno hilo ni jino la chonge. Si filamu ya watoto, na sisi tuliiangalia watu wazima peke yetu, mlango umefungwa. Baba na mama wamewafungia watoto wao watatu, watu wazima kabisa, ndani ya uzio mrefu. Wamewaambia kwamba mtu huruhusiwa kutoka siku jino lake la chonge litakapong'oka. Na ili watoto wasitamani kitu chochote cha nje, wazazi wamewabadilishia maana za maneno. Bahari ni kiti cha mbao na ngozi chenye mikono. Mezani binti akiomba simu, anapewa chumvi. Sisi tulikuwa tukitafsiri mazungumzo kwa sauti, mmoja wetu ameshika kipaza sauti kando ya ukuta, na alipofika kwenye neno simu huku skrini inaonyesha chombo cha chumvi akanyamaza, akidhani amekosea. Ukumbi mzima ulikuwa kimya. Tulitumia saa mbili baada ya hapo kuzungumza juu ya mzazi anayemiliki maana za maneno nyumbani kwake, na wenzetu wawili walisema mambo ya makwao ambayo hawakuwahi kuyasema mbele yetu. Kwangu mimi, hakuna Jumamosi iliyoifikia ile.

Filamu hiyo iligharimu takriban Euro 250,000. Kwa Ulaya hizo ni fedha kidogo sana. Ilipata tuzo kuu ya kitengo cha Un Certain Regard katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, na mwaka 2011 ikawa miongoni mwa filamu tano zilizowania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Kabla yake Ugiriki haikuwa imefika hapo tangu Iphigenia ya mwaka 1977, na aliyeiongoza Iphigenia, Michael Cacoyannis, alikuwa mzaliwa wa Limassol, Kupro.

Hapa ndipo tulipoanza kuona jibu la swali letu. Miongoni mwa watayarishaji wa Kynodontas alikuwemo Athina Rachel Tsangari, mwongozaji mwenyewe, aliyesoma Texas na kuanzisha huko tamasha la filamu fupi, kisha akarudi nyumbani. Yeye naye alikuwa amefanya kazi ya picha za sherehe za Olimpiki 2004. Mwaka 2010 alipopiga filamu yake Attenberg, katika mji mdogo uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha aluminiamu, Lanthimos aliingia mbele ya kamera akawa mwigizaji wake. Ariane Labed, ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza, akaondoka Venice na tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Mwongozaji msaidizi katika Kynodontas alikuwa kijana Christos Nikou. Miaka kumi na moja baadaye Nikou akatoa filamu yake mwenyewe, Mila, neno ambalo kwa Kigiriki ni matufaa, inayosimulia ugonjwa wa kusahau unaowapata watu ghafla, na mtu mmoja anayefundishwa kuanza maisha upya kwa maagizo ya kwenye kaseti. Na mhariri Yorgos Mavropsaridis, aliyekata Kynodontas, hakuachwa nyuma rafiki yake Lanthimos alipokwenda kupiga filamu kwa Kiingereza. Aliteuliwa kuwania Oscar ya uhariri kwa The Favourite na tena kwa Poor Things.

Ndugu Mgeni Rasmi, katika kikundi chetu kila mtu anataka kuwa mwongozaji. Tulipoandika majina hayo ubaoni na kuchora mistari ya nani alifanya kazi gani kwa nani, ubao ukajaa kama wavu. Jumamosi iliyofuata watu wanne waliomba kujifunza uhariri na sauti.

Haya yote yalitokea wakati uchumi wa Ugiriki unaporomoka. Mwaka 2009 waongozaji na watayarishaji wengi waliungana na kuzizuia filamu zao zisionyeshwe kwenye tamasha la Thessaloniki, tamasha kubwa kuliko yote nchini mwao, wakidai sheria mpya ya filamu. Walijiita watengeneza filamu ndani ya ukungu. Mwaka huo huo wakaanzisha Akademia yao ya filamu, na sheria ikapitishwa mwaka 2010.

Tuliangalia pia filamu ya dakika tisa ya Vasilis Kekatos, iliyopata Palme d'Or ya filamu fupi, tuzo ya juu ya Cannes, mwaka 2019. Ni usiku, kituo cha mafuta kwenye barabara kuu ya zamani. Kijana mmoja anajaza mafuta kwenye pikipiki yake. Mwingine amekwama hapo, amepungukiwa Euro 22.50 za kumfikisha nyumbani, na kwa kuwa hana kitu cha kuuza anajaribu kumuuzia mwenzake umbali uliopo kati yao na mbingu. Basi. Watu wawili, taa za kituo cha mafuta, na nauli iliyopungua. Tuliirudia mara tatu usiku ule.

Ndugu Mgeni Rasmi, Kupro ni kisiwa, na sisi watu wa pwani tulikielewa upesi. Kijana wa kule anayetaka filamu mara nyingi huondoka. Yannis Economides, mzaliwa wa Limassol mwaka 1967, alikwenda Athens, na mwaka 2002 akatoa Spirtokouto, yaani kibiriti: familia moja, nyumba moja ya ghorofani Korydallos, pembeni mwa Athens, siku moja ya joto kali, na ugomvi usiopoa mwanzo hadi mwisho. Hakuhitaji lokesheni nyingine. Mwaka 2014 filamu yake nyingine iliingia katika mashindano makuu ya tamasha la filamu la Berlin, Ujerumani.

Waliobaki wanapiga filamu katika nchi iliyokatwa vipande viwili tangu vita vya mwaka 1974, Wakupro wa Kigiriki upande mmoja na wa Kituruki upande wa pili. Marios Piperides, katika filamu yake ndefu ya kwanza, Smuggling Hendrix ya 2018, hakuanza na wanajeshi. Alianza na mbwa. Mwanamuziki mwenye madeni, Yiannis, anajiandaa kuhama kisiwa. Mbwa wake Jimi anachoropoka na kuvuka ukanda wa Umoja wa Mataifa unaougawa mji mkuu, Nicosia. Watu wanaruhusiwa kuvuka kurudi. Mnyama haruhusiwi. Yiannis analazimika kumwomba msaada Hasan, mtu anayeishi katika nyumba iliyokuwa ya familia yake Yiannis. Filamu hiyo ilishinda tuzo kuu ya kimataifa ya filamu za hadithi katika tamasha la Tribeca, New York. Mzee mmoja jirani yetu, aliyekuja kutuazima viti akabaki kuangalia, alisema: "Mbwa huyu amenieleza Kupro kuliko redio."

Na wapo waliovuka wenyewe. Mwaka 2004 Panicos Chrysanthou, Mkupro wa Kigiriki, na Derviş Zaim, Mkupro wa Kituruki, walitengeneza pamoja filamu ya hali halisi wakiwasikiliza walionusurika vita vya mwaka 1974, kila upande. Tonia Mishiali yeye aligeukia ndani ya nyumba: filamu yake Pafsi, ya 2018, inamfuata mama wa nyumbani aliyefikia ukomo wa hedhi, katika ndoa isiyo na neno jema. Akina mama wa mtaa waliiomba irudiwe, na tuliirudia.

Ndugu Mgeni Rasmi, baada ya masomo haya tumepiga filamu yetu ya dakika tisa, pale kijiwe cha bodaboda karibu na stendi, kwa usiku mitatu. Watu wanane walishika kazi nane, na hakuna aliyelipwa.

Zipo changamoto. Sauti yetu ni mbaya, kwa kuwa tulirekodi kwa simu na upepo wa bahari umeingia kila mahali. Projekta ya kuazima ilizimika mara mbili watu wakiwa wamejaa, tukawarudisha makwao. Na usiku wa pili wa kupiga picha gari lilipita karibu sana na mshika taa wetu. Siku ile nilimkumbuka Theo Angelopoulos, mwongozaji mkubwa wa Ugiriki, aliyegongwa na pikipiki Januari 2012 akiwa kazini, akivuka barabara kati ya picha moja na nyingine, akafariki na filamu yake haijaisha. Mshika taa wetu ana miaka 19.

Kwa hiyo tunakuomba mambo matatu. Utusaidie kupata kinasa sauti na maikrofoni yake. Utuombee ukumbi huu tuutumie kila Jumamosi bila kulipia, na sisi tutaufagia na kuulinda. Na utusemee kwa wahusika tupewe utaratibu wa kibali na mtu wa kusimamisha magari tunapopiga picha barabarani.

Filamu yetu imewekwa tayari hapo nje, ukutani. Tunakuomba, baada ya hotuba yako, ukae nasi dakika hizo tisa.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi