Wenye maduka ya zamani, msizitupe Hero 616

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wenye maduka ya vifaa vya shule, hasa waliorithi maduka ya wazee wao hapa Tabora na kule Kigoma. Natafuta kalamu ya wino wa kujaza, Hero 616, ile ya zamani iliyotoka Shanghai. Madukani haionekani tena, lakini naamini zimo stoo, kwenye maboksi ambayo hakuna aliyeyafungua miaka mingi.

Vijana huenda hawaijui. Ni kalamu nyembamba ya plastiki, nyeusi, kijani au damu ya mzee, yenye kifuniko cha chuma. Umbo lake lilifuata Parker 51 iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1941, ila Parker ilikuwa na nibu ya dhahabu na bei ya wakubwa. Hero ilikuwa na nibu ya chuma, na mwalimu wa Daraja la A aliimudu. Nibu yenyewe imefunikwa, imeachwa ncha tu, kwa hiyo wino haukauki upesi hata kiangazi cha Tabora kikipamba moto. Wala haidai vibomba vya wino vya kununua kila mara. Unazamisha ncha kwenye chupa, unaminya kibati kinachobana mpira, unaachia, wino unapanda.

Nimestaafu ualimu lakini kalamu haijanistaafisha. Shule za jirani na parokia huniletea vyeti niandike majina. Biki hukwaruza karatasi ngumu ya cheti na inataka kukandamizwa, nami vidole vyangu vina baridi yabisi. Hero haikandamizwi. Ukiigusisha karatasi, inateleza yenyewe. Mtoto wa darasa la saba atakitunza cheti hicho maisha yake yote, pengine ndicho pekee atakachopata, na mimi nataka jina lake likae pale limenyooka.

Kalamu yangu imepasuka mpira. Nibu ingali nzima kabisa. Fundi saa mmoja wa Ng'ambo, mtu mwenye subira ya ajabu, alinifungia mpira wa vali ya baiskeli. Iliandika, lakini ni mwembamba mno. Majina machache tu wino umekwisha. Nilipokwenda msibani Ujiji nikapita Mwanga, nikauziwa kalamu yenye jina la Hero ubavuni. Ilikuwa ya bandia. Kifuniko hakikazi, na wino ulichuruzika ukaharibu mkoba na kitenge. Hizo ndizo zilizojaa siku hizi, na zinawafanya watu waamini kwamba kalamu za wino zote zinavuja.

Basi ukiikuta ya zamani stooni, tafadhali usiijaribu kwa wino wa mhuri, maana utaganda humo na kuziba njia. Kama ina wino mkavu iloweke usiku kucha kwenye maji ya kawaida, yasiwe ya moto, kwani plastiki hupinda. Hata iliyovunjika naitaka. Mpira wa moja na kifuniko cha nyingine vinatosha kufufua ya tatu.

Na wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou kuchukua viatu na vioo vya simu, nawaomba wakumbuke kalamu hizi. Kasha zima la kalamu halina uzito wa kuwasumbua. Waongeze na wino wa chupa, kwa sababu nao umeadimika hapa. Bila huo kalamu ni pambo. Wateja wapo. Nawafahamu makarani wastaafu na walimu wa madrasa ambao wamefungia kalamu zao kabatini kwa kukosa wino tu.

Aliye nayo, nzima au mbovu, aache ujumbe kwa wakala wa gazeti hili hapa mjini. Bei tutaelewana, na nauli ya kuifuata Kigoma nitajilipia mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Kanyenye, Tabora